Nondo Weusi wa Barabara ya Makaa

Alhamisi saa sita mchana vikundi vitano vya kidato cha tatu vilileta hesabu zao za nondo, wale vipepeo wa usiku. Mwalimu Ottilia alipozisoma mara ya kwanza alitabasamu peke yake. Mara ya pili tabasamu likapungua. Mara ya tatu akavuta kiti, akakaa.

Ottilia alikuwa mtoto wa Lituhi, kule chini ziwani, binti wa mama mkausha samaki. Alikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi na miaka miwili ya kujitolea katika shule hii ya kata, upande wa Matiri. Kujitolea ni neno tamu likiwa kwenye hotuba. Kwa Ottilia maana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara, debe la mahindi kutoka kwa wazazi, na kila likizo kuulizwa na wajomba ajira imefikia wapi, kana kwamba ajira ni basi lililochelewa njiani.

Sasa basi hilo lilikuwa limeonekana kwa mbali. Halmashauri ilikuwa imepata nafasi tatu za mkataba kwa walimu wa sayansi wanaojitolea, na walimu kumi na wawili walikuwa wameomba. Kila mmoja angefuatwa darasani na afisa mdhibiti ubora, aangaliwe akifundisha kipindi kimoja cha dakika themanini, na fomu ya afisa ndiyo ingesema nani abaki na nani akatafute maisha pengine. Zamu ya Ottilia ilikuwa Ijumaa. Yaani kesho.

Aliitaka nafasi ile. Sisemi aliitamani, kutamani ni kwa mtu mwenye njia nyingine. Ottilia alikuwa amefikisha miaka ishirini na saba akiwa hana mshahara hata mmoja wa kumwonyesha mama yake, na alikuwa amejiapiza kwamba akikosa safari hii, harudi tena darasani. Angerudi Lituhi kugeuza dagaa juani pamoja na wasichana waliokuwa wameishia darasa la saba.

Somo alilolichagua lilikuwa uchaguzi asilia. Kila mwaka watoto hulikariri somo hilo kama wanavyokariri katekisimu, tena kwa imani ndogo zaidi. Kitabu kinasimulia habari za nondo wa Ulaya. Zamani miti yao ilikuwa na magome meupe, nondo weupe wakatulia juu yake wasionekane, na nondo weusi wachache waliozaliwa wakadonolewa na ndege. Vikaja viwanda vya kuchoma makaa ya mawe, moshi ukaipaka miti masizi, na mambo yakageuka: sasa aliyeonekana ni mweupe. Kizazi kwa kizazi weusi wakawa wengi. Hakuna nondo aliyebadilisha rangi kama mtu abadilishavyo shati. Aliyeonekana aliliwa, aliyefichika akazaa, basi.

Ottilia alijiuliza kwa nini watoto wa Matiri wakariri makaa ya watu wakati ya kwao wanayo. Malori ya makaa ya mawe yalipita barabarani kutwa kucha. Pembeni mwa barabara hiyo, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, kulikuwa na mikaratusi yenye shina jeupe laini, na kila kiangazi vumbi la malori liliipaka weusi kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu. Ukiuegemea mmoja wao umevaa shati la shule, mama yako atakuuliza ulikuwa wapi.

Akaligawa darasa vikundi vitano. Kila kikundi kikapewa mti wake na kuagizwa kukata nondo sitini wa karatasi: thelathini waachwe weupe, thelathini wapakwe masizi, na kila mmoja abandikwe mwili wa unga wa mahindi uliokandwa, mdogo kama punje. Jumanne asubuhi wabanwe kwa pini upande wa mti unaotazama barabara. Jumatano na Alhamisi watoto wahesabu ni miili mingapi imeliwa na ndege.

Mpango ulikuwa mzuri, na mwenyewe akauharibu kwa furaha yake. Jumatatu, kengele ya mwisho ikiwa imeshalia, aliwaambia watakachokuta. Aliwaambia wataona weupe wameliwa wengi na weusi wamebaki. Nawe ujue watoto wa huku. Mtoto wa Kimatengo akitumwa na mkubwa kuleta kitu, haleti kingine akaanza kueleza. Huko ni kukosa malezi. Mwalimu amesema weupe wataliwa, basi weupe wataliwa, hata ndege wagome.

Ndiyo hesabu zilizokuwa mezani Alhamisi. Kikundi cha kwanza, weupe ishirini na wanne wameliwa, weusi sita. Cha pili, ishirini na watano kwa watano. Cha tatu na cha nne vivyo hivyo, nambari zimepangana kama watoto mstarini. Cha tano kiliongozwa na Gaudiosa, mjukuu mkimya wa bibi mmoja mwenye shamba palepale barabarani, na karatasi yake ilisema kinyume kabisa: weupe tisa, weusi ishirini na wawili.

Mkuu wa shule, Mwalimu Edmund, alikuwa amepita ofisini na kuziona. Alifurahi sana. Kwake hicho kikundi cha tano hakikuwa tatizo. Watoto hukosea, kiachwe, vinne vinatosha. Akaondoka akisema ataziandika mwenyewe kwenye karatasi kubwa ya ukutani, kwa kuwa mwandiko wa Ottilia haukuwa wa kuonyesha wageni.

Ni katika kusoma mara ya tatu ndipo Ottilia alipokumbuka mvua.

Jumatatu jioni ilinyesha mvua ya kwanza ya Novemba, ya upepo, saa mbili nzima bila kupumzika. Na mvua ya kwanza ikinyesha huku, kesho yake hakuna kijiji. Wote wako shambani na mbegu za mahindi, hata katekista. Alifungua daftari la mahudhurio. Jumanne, kikundi cha kwanza chote hakikuwapo. Cha pili, alikuwapo mmoja. Cha tatu na cha nne, hakuna mtu. Cha tano, nusu walikuwapo. Sasa nondo wa vile vikundi vinne walibanwa na nani?

Akaenda barabarani kwa miguu. Mti wa kwanza haukuwa na pini, wala tundu la pini. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu na wa nne akaukagua kila mmoja kwa vidole, kama daktari, hakukuta kitu. Mti wa tano ulikuwa na pini sitini, karatasi zimejikunja kwa unyevu, na miili ya unga imenyofolewa, mingi ikiwa ya nondo weusi. Hesabu iliyokuwa ya kweli ni ile moja iliyopinga kitabu.

Alibaki amesimama pale. Hasira ilimjia kwanza, na kama Tobias, kiranja wa darasa na kiongozi wa kikundi cha kwanza, angepita wakati ule, angemchapa kibao. Kisha aibu ikaipita hasira, maana alijua nani aliwaambia jibu kabla ya swali.

Alimbandua nondo mmoja mweusi wa Gaudiosa akamnusa. Alinuka samaki. Hapo Ottilia akadhani amepata. Masizi yale yalikwanguliwa jikoni kwa bibi, chini ya kichanja wanapohifadhi mbasa, samaki wa kutoka ziwani, juu ya moto, na Ottilia, aliyekulia kwenye moshi wa samaki, aliitambua harufu ile kama mtu atambuavyo sauti ya ndugu yake. Basi kilichowala weusi hakikufuata rangi, kilifuata harufu. Alirudi mbio. Akakata nondo arobaini, akawabandika miili ya unga, ishirini akawapaka masizi ya Gaudiosa yaliyobaki darasani, ishirini akawapaka mkaa wa kawaida aliousaga na maji. Saa kumi jioni alikuwa ameshawabana kwenye ile miti minne iliyokuwa mitupu, upande uleule wa barabara, kumi kila mti, watano wa masizi na watano wa mkaa. Hakufanya hivyo kwa ajili ya afisa. Alitaka tu kujua, na alikuwa amesahau kwa muda kwamba ana kitu cha kupoteza.

Akakumbushwa na Mwalimu Edmund. Alimkuta akimalizia karatasi ya ukutani, safu nne kwa wino wa buluu, mwandiko wa kujivunia. Ottilia akamweleza yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunika kalamu yake taratibu.

"Mwalimu," alisema, "kesho si siku ya kuungama."

Hakuwa mtu mbaya, Edmund. Ndiye aliyemwombea Ottilia chumba, ndiye aliyezunguka kwa wazazi kumkusanyia mahindi, na shule nzima haikuwa na mwalimu mwingine wa biolojia. Akamwambia nafasi ni tatu na watu ni kumi na wawili, na hao wengine hawatapeleka mbele ya afisa darasa lililodanganya. Afisa akishaondoka, Ottilia awakemee watoto apendavyo, hata wiki nzima. Ottilia alichukua karatasi ya Gaudiosa akaitia mfukoni. Lakini tusimpambe: alilala akiwa amekubali.

Ijumaa saa nne asubuhi afisa alifika kwa bodaboda kutoka Mbinga mjini, suruali imerukiwa matope hadi magotini. Aliitwa Bartholomayo Mapunda, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu. Aliamkiwa na darasa zima, akaitikia, akakaa nyuma karibu na Edmund, akaweka fomu juu ya goti. Hakutabasamu wala hakununa. Ottilia angependelea anune, angalau ajue alipo.

Kipindi kilianza vizuri. Kwa kanuni biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na Ottilia alikifundisha kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Watoto walijibu kwa pamoja. Karatasi ya Edmund ilining'inia ukutani na safu zake nne, na Ottilia aliielekeza kwa fimbo bila kuitazama. Gaudiosa, dawati la tatu, alikuwa ameitazama ile karatasi, akatafuta safu yake, akaikosa, akainamisha kichwa. Hakuuliza. Ottilia alimwona, akaendelea.

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini afisa alipoinua kalamu na kuomba mwanafunzi mmoja aeleze nambari hizo zilipatikanaje. Darasa zima likamtazama Tobias. Akasimama, akaanza Kiingereza.

"Sema Kiswahili, mwanangu," afisa alimwambia. "Nataka kujua ulichofanya."

Tobias akasema. Alisema vizuri mno: walibana nondo sitini, Jumanne, saa moja asubuhi, mti wa kwanza kutoka kwenye kalavati, yeye na wenzake saba. Afisa akamuuliza kama mti ulikuwa mkavu au umelowa. Tobias akasema mkavu. Afisa akaandika. Kisha, bila kuinua uso, akasema kwamba Jumanne saa moja yeye mwenyewe alikuwa kwenye shamba lake kule Maguu akipanda mahindi, na udongo ulikuwa ukivuta buti. Huku Matiri haikunyesha?

Tobias alitazama nje, kwenye matope ya uwanja. Akamgeukia Ottilia. Alikuwa akiomba kupewa jibu, na Ottilia alikuwa nalo. Angeweza kusema miti ile iko chini ya miti mingine, kwamba ililowa kidogo, kwamba mtoto amechanganya siku. Edmund alikohoa, kikohozi cha kumpa nafasi. Ottilia aliuona mkataba wake waziwazi, na jina lake juu, kama umewekwa pale kwenye dawati la mbele. Akaona pia kijana wa miaka kumi na saba amesimama peke yake ndani ya uongo aliomshonea yeye.

"Hawakubana nondo wowote," alisema. "Vikundi vinne walikuwa mashambani. Waliandika nilichowaambia kwamba watakiona. Kosa ni langu."

Sauti yake ilitoka ndogo, lakini darasa zima liliisikia. Edmund alifumba macho. Afisa akaacha kuandika.

Ottilia akaenda ukutani, akaibandua karatasi kubwa, akaikunja. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya Gaudiosa, akaziandika nambari zake ubaoni: weupe tisa, weusi ishirini na wawili. Akawaambia hizi ndizo hesabu pekee za kweli walizonazo, na zinapingana na kitabu. Afisa akauliza, basi kitabu kinadanganya? Ottilia akasema hapana, hadhani. Na kwa kuwa hakuwa tena na cha kuficha, akaeleza masizi ya samaki, na nondo arobaini alioacha jana kwenye miti, ambao hadi dakika ile hakuwa amewaangalia kwa kuogopa.

"Kabla hatujatoka," afisa alisema, "andika hapo unachotegemea kukuta."

Aliandika. Wa masizi ya jikoni, wengi wameliwa. Wa mkaa, wengi wamebaki. Chaki ilimvunjikia mara mbili. Alijua kilichokuwa kikitokea: ikiwa kweli, somo limeokoka, uongo wa watoto umegeuka kuwa njia ya kufika kwenye ukweli, na afisa yeyote angelipenda hilo. Ikiwa si kweli, atakuwa amelivua nguo somo lake mwenyewe na kubaki hana hata la kujistiri.

Wakaenda barabarani, watoto arobaini, walimu wawili na afisa. Ottilia akamwita Tobias, akamwambia ahesabu yeye. Kijana alikuwa bado hajatulia. Akaanza mti wa kwanza, akigusa kila pini, midomo ikitembea. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Akarudi akiwa na daftari mkononi.

"Wa masizi ya jikoni, kumi na watano kati ya ishirini wameliwa," alisema.

Ottilia akashusha pumzi. Walikuwa wengi, kama alivyoandika.

"Wa mkaa," Tobias alisema, akanyamaza.

Ottilia aliujua ukimya ule. Kijana alikuwa akiusoma uso wake, akitafuta nambari inayotakiwa, na Ottilia alijua kwamba angeipata, maana uso wa Ottilia wakati ule ulikuwa ukiomba. Wachache, uso ulisema. Niambie wachache. Basi akafanya jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile: akampa mgongo. Akatazama barabara. Lori la makaa likapita polepole kwenye matope, na alilisindikiza kwa macho hadi kwenye kona.

"Kumi na sita," Tobias alisema nyuma yake. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, "Mwalimu, umekosea."

Kuna mtoto alivuta pumzi kwa nguvu. Katika shule ile hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo mawili yakitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwalimu, tena mbele ya mgeni wa halmashauri. Ottilia akageuka. Aliumia, nisiseme hakuumia. Nafasi yake ilikuwa ikiyeyuka mbele ya watu. Lakini alimtazama kijana yule, ambaye hakuwa ameigeuza nambari yake, akaona fahari ikimpanda kifuani bila kumwomba ruhusa.

"Kwa hiyo ni nini?" afisa aliuliza.

"Sijui," Ottilia alijibu.

 Watoto wakatazamana. Mwalimu asiyejua ni kitu cha kutisha kidogo, kama kugundua kwamba nyumba haina ukuta upande mmoja.

Aliyesogea alikuwa Gaudiosa. Alikwenda kwenye mti wa nne, akakiweka kiganja chake juu ya gome, akakisugua juu na chini, akakiinua wakione. Kilikuwa safi.

"Mti wenyewe si mweusi," alisema. "Jumanne tulipobana, wetu pia ulikuwa hivihivi. Niliona, ila sikuulizwa."

Ottilia akauangalia mti. Shina lilikuwa jeupe kama siku lilipoota. Jana alikuwa amesimama hapahapa, amepapasa magome yote kwa vidole akitafuta matundu ya pini, na baadaye amebana nondo arobaini kwa mikono yake miwili, na hakuliona, kwa sababu miti ya barabara ya makaa ni myeusi, kila mtu anajua, ya nini kuiangalia. Mvua ya Jumatatu ilikuwa imekuja na upepo kutoka ziwani, ikaupiga upande wa barabara, ikaosha vumbi la miezi mitano. Mweusi juu ya mti mweupe alionekana, akaliwa. Kitabu hakikukosea na Gaudiosa hakukosea. Aliyekosea ni yeye, mara mbili, kwa haraka ya kuwa na jibu.

Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka ili awaeleze. Akaufunga.

Tobias alikuwa ameuzunguka mti. Akaita kutoka upande wa pili: huku mvua haikufika, huku bado ni makaa matupu, akaonyesha kiganja kama cha mfua vyuma. Watoto wakamkimbilia. Akasema kwamba wakibana nondo weupe na weusi upande huu, na idadi ileile upande ule, kwenye mti mmoja, masizi ya aina moja, basi tofauti haiwezi kuwa harufu. Mwenzake mmoja akauliza, na mvua ikinyesha tena? Wakaanza kubishana. Afisa akamsogelea Tobias, akamuuliza Jumatatu watakuta nini. Kijana akaanza kujibu, akasita.

"Bado hatujui," alisema.

Kengele ikalia shuleni. Afisa, Edmund na Ottilia wakarudi ofisini. Watoto waliambiwa warudi darasani, nao hawakurudi, na kwa mara ya kwanza Edmund hakuwafokea.

Bartholomayo Mapunda aliijaza fomu kwa muda mrefu. Alipofika kwenye mstari mmoja aliweka kalamu chini, akausoma kwa sauti. Lengo la somo, kama lilivyoandikwa na mwalimu mwenyewe kwenye andalio lake: hadi mwisho wa kipindi mwanafunzi aeleze uchaguzi asilia kwa takwimu alizokusanya. Limefikiwa, au halikufikiwa. Akasema kwamba huo ndio mstari wenye alama nyingi. Kuna sehemu ya maoni hapa chini, na ameandika mengi, mazuri, miaka ishirini na miwili ya kazi hajawahi kuandika kama hayo. Lakini maoni hayana alama.

Edmund akaingilia. Alimsihi kama ndugu. Alisema binti huyu ni mwalimu, afisa ameona kwa macho yake, vikundi vinne au kimoja ni nini, tiki moja tu, nani atajua? Alisema hadi sauti ikamkatika.  Afisa alikuwa akimtazama Ottilia.

"Nikiandika limefikiwa, unabaki," alimwambia. "Nikiandika halikufikiwa, jina lako halifiki kwenye tatu. Niandike nini?"

Ottilia alimfikiria mama yake akitandaza dagaa kwenye vichanja, mgongo umepinda. Alifikiri kwamba afisa huyu anamwonea, kumpa kisu yeye mwenyewe ajikate. Alitaka kusema neno lile moja. Lilikuwa pale, tayari, jepesi.

"Andika ulichokiona," alisema.

Aliandika. Kisha akaigeuza fomu na kumsogezea, kwa kuwa kanuni inataka mwalimu asaini kwamba ameisoma na amekubali. Chini ya sahihi kulikuwa na mstari wa mwalimu kutoa malalamiko, na Edmund akamnong'oneza aandike maneno hapo, akate rufaa, aseme mvua. Ottilia akaandika, Ni kweli. Akasaini. Machozi yalimdondoka juu ya meza na hakuyaficha. Alikuwa amepoteza kitu alichokitaka kuliko vyote na hakuwa na sababu ya kujifanya jiwe.

Alipotoka nje hakujua aende wapi, miguu ikampeleka barabarani. Wote walikuwa bado pale. Gaudiosa alikuwa ametandaza karatasi kwenye majani na kugawa mti kwa mistari, upande mweupe na upande mweusi. Tobias alitaka nondo thelathini kila upande, Gaudiosa alisema thelathini ni wachache, ndege mmoja tu anaweza kuwadanganya, wawe sitini. Walibishana kwa Kiswahili na Kimatengo, wakionyeshana magome, wakihesabu pini zilizobaki. Ottilia alisimama hatua tano kutoka kwao, macho mekundu, akisubiri kama alivyozoea mtu aulize, Mwalimu, nani yuko sahihi? Alisubiri sana. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.